Kitambaa cha Kwaresima

Rosettenville, Johannesburg

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku tuko salama. Mjomba wako amehamishia saluni yake Yeoville, nami bado nashona, ingawa siku hizi uzi unanisumbua kuingia kwenye sindano. Picha uliyoipiga ya mchoro wa mtakatifu kwenye makumbusho huko Brussels imenifikia kwenye simu. Unauliza, "Koko, huyu mtakatifu anaona nini?"

Mama yangu aliniuliza vivyo hivyo. Parokiani kwetu Bukavu kulikuwa na picha kama hiyo, nami, fundi kijana, nilipewa kazi ya kuishonea kitambaa cha zambarau cha kuifunika wakati wa Kwaresima. Mama alikuwa ameshapofuka. "Wewe umeisogelea," akasema. "Niambie, anaona nini?"

Nilikuwa nimepima urefu na upana tu. Kwa aibu nikamjibu, "Ngoja Pasaka, mama, itafunuliwa."

Hakuifikia Pasaka. Na mimi ningeweza kurudi siku ileile, nikainua pindo la kitambaa.

Leo sijagusa cherehani kabla ya kukujibu. Anamwona mtoto mchanga katikati ya mwanga, anamnyooshea mikono, na kitabu chake kimeanguka sakafuni bila yeye kujua.

Maneno machache hivyo, Neema. Yangemtosha mama.

Koko wako