Neno kwenye Kaburi la Baba

Kashai, Bukoba
14 Julai, 2024

Kwako Kaka Rwekaza,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi Joanitha na watoto. Natumaini kifua kimekuachia na baridi ya Dodoma haikutesi sana. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa ule mguu wake, na kahawa ameshaianika.

Uliponiuliza kwa simu kumbukumbu ya Baba ilikwendaje, nilikujibu kwamba ilikwenda vizuri. Haikwenda vizuri. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na mwisho ndio wenye shida.

Mambo yalianzia kwa Baba Mdogo Kahigi. Tangu astaafu ukarani wa mahakama, Kiingereza chake kimezidi kuota kutu. Hasemi neno ambalo mtu aliye hai bado analitumia. Hapa ofisini ninapochapa na kutoa nakala, huingia bila hodi na kuniita "damsel" mbele ya wateja, yaani msichana ambaye hajaolewa, mimi mwenye watoto watatu. Kijana wa bodaboda akimuuliza anakwenda wapi, kwanza atamweleza kwamba zamani swali hilo liliulizwa kwa "whither". Baba alipolazwa, nesi alitaka kujua tu kama mgonjwa amekula. Baba Mdogo akaanza na "peradventure", ambalo ni "huenda" basi, na kabla hajafika kwenye chakula nesi alikuwa ameshahamia kitanda kingine. Amejaza kichwani maneno mabovu kama stoo ya vyombo vilivyovunjika, kisha anatembea kifua mbele.

Basi ulipofika wakati wa jiwe la kaburi, Mama alitaka maandishi ya Kihaya. Baba Mdogo akakataa. Alisema mtu kama Gozbert haagwi kwa lugha ya kumenyea ndizi. Akaja Kashai na karatasi yake ili niichape na kumtumia fundi wa marumaru. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba hapa amelala Gozbert, mume na baba aliyekuwa "egregious". Nilichapa, nikatuma.

Siku yenyewe watu walijaa kibanjani kwa Mama huko Muleba, kuanzia uani hadi kwenye migomba. Paroko alibariki jiwe, kitambaa kikaondolewa. Mama alipitisha kidole juu ya zile herufi, akauliza zinasema nini. Baba Mdogo akasafisha koo na kumweleza kwamba zinamtaja mtu bora kuliko wenzake wote. Mama akalia, akasema ndivyo alivyokuwa.

Hapo Evelyne, yule binti wa jirani yetu Ma Anatolia anayesoma chuo, alikuwa ameshatafuta neno lile kwenye simu. Akamnong'oneza aliyekaa naye, huyo akacheka, na kicheko kikapita safu hadi safu mpaka kwa wapishi. Mama akawa anageuka huku na huku akiuliza kuna nini. Mwalimu Nathanael, rafiki wa Baba, akaona heri aseme yeye kuliko watoto. Alimweleza taratibu kwamba neno lile ni la kumsema mtu mbaya kupindukia, mwenye ubaya wa wazi ambao kila mtu anauona.

Mama aliuondoa mkono kwenye jiwe kama aliyeungua.

Nilimtazama Baba Mdogo nikingoja aibu yake. Aliondoka, akarudi kutoka kwake na kamusi isiyo na jalada, ile aliyopewa na mapadre wa Kashozi alipokuwa kijana. Akamfungulia Mwalimu, na kweli ilikuwemo. Zamani neno hilo lilimaanisha mtu aliyejitokeza katika kundi kwa ubora wake. Baadaye maana iligeuka, yeye hakuwa na habari. Lakini nani angesikiliza? Watu walikuwa wameshacheka. Akamgeukia Mama, akamwomba msamaha kwa Kihaya kitupu. Kisha akasema:

"Shemeji, karatasi nilimpa Klaudia. Klaudia ana diploma. Nilijua kama neno lina ubaya, ataniambia."

Hakunilaumu. Alikuwa anajieleza tu.

Kesho yake aliazima patasi, akalichimbua lile neno mwenyewe kutwa nzima. Sasa pale pana kovu katikati ya maandishi. Fundi alijitolea kuchonga neno jingine, Mama hataki. Wala hamwiti tena Baba Mdogo kula Jumapili.

Kaka, nilijua. Alipotoka tu ofisini nilifungua simu nikasoma maana. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia. Nilicheka peke yangu, nikatuma kwa fundi. Nilitaka aumbuke mbele ya paroko, mara moja tu, kwa miaka yote aliyonikera. Mama sikumfikiria. Baba sikumfikiria kabisa. Kurasa hizi zote nimeziandika nikimdharau mzee yule, na bado namdharau, sitakudanganya. Lakini yeye alimpa ndugu yake neno bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Mimi nililigeuza kaburi la baba yangu kuwa mahali pa kumchekea mtu.

Jumamosi nakwenda Muleba. Nitamwambia Mama, na Baba Mdogo nitaomba aitwe awepo. Tafadhali usimpigie Mama kabla yangu, alisikie kwangu. Akinifukuza nitakujulisha.

Nisalimie wifi, na umwambie yule mdogo kwamba senene wake wa kukaanga nitampelekea msimu ukifika. Mungu akulinde huko uliko, na usinicheleweshee jibu, hata kama ni la kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Klaudia