Nati ya Shawa

Jumatatu, 3 Machi

Shawa inavuja. Si kichwani, ni pale chini mpira unapoungana na bomba la ukutani. Maji yanaruka pembeni mpaka mlangoni, na yanayofika mkononi mwa Mama ungeweza kuyakinga kwa kijiko. Nimekaza nati kwa vidole, ikaacha. Nikatoka bafuni najiona fundi. Mama kufungua tu, ikaanza upya.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ataniambia nijikaze. Tangu Mama apate kiharusi hilo ndilo neno la kila mtu. Jirani: jikaze. Daktari: jikaze. Hata wateja wangu, nimewashikia wembe kisogoni, wanathubutu kuniambia nijikaze!

Watu hawajui, mpira ule ndio uliobaki kwa Mama. Mkono wa kulia umekufa. Kupika hawezi, kushona basi tena. Lakini anakaa kwenye kiti cha plastiki, anashika shawa kwa mkono wa kushoto, anaoga mwenyewe. Mimi nakaa nje ya mlango, juu ya ndoo iliyofudikizwa, tunapiga soga. Ndani siingii. Mimi mtoto wa kiume. Hataki, nami sitaki.

Na Dada ameshasema wazi: siku Mama akishindwa kuoga mwenyewe, anamchukua kwake. Ghorofa ya tatu, ambako Mama hamjui hata jirani mmoja. Mama akanishika shati. Nikipelekwa kule, mwanangu, nitatoka nimebebwa.

Kwa hiyo nati hii lazima ipone.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita duka la vifaa kabla ya kufungua kibanda changu cha kunyolea. Mwanamke anayeuza hata hakuniacha nimalize — ni washa hiyo, kampira ka ndani, kamekwisha. Akanipa kapya na tepu nyeupe ya kuzungushia.

Nyumbani nikamwambia Mama, tatizo ni washa.

"Washa nini, taa?"

Kisha akacheka mwenyewe, mdomo umeenda upande. Kicheko cha kwanza tangu atoke hospitali. Nikajifanya naendelea kuzungusha tepu ili asinione macho.

Nikaweka washa, nikaweka tepu, nikakaza kwa spana. Nikaona nitie nguvu kidogo. Nikatia na nyingine. Nati yenyewe ya plastiki, ikalia ta! — imepasuka, ufa toka juu mpaka chini. Sasa haivuji tena, inamwaga.

Nikarudi dukani kama mbwa aliyenyeshewa. Umekaza mno baba, kanambia. Hii kitu inataka vidole, ukiitia nguvu inapasuka. Nikamjibu mbona mimi naambiwa nijikaze kila siku. Akasema nati haiuzwi peke yake, huja na mpira wake. Mipira mipya inakuja keshokutwa.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna mpira. Nimefunga kitambaa, kimeloa, kimeanguka. Nimesema nitamchotea maji kwenye beseni. Mama kasema leo haogi, hajatoka jasho.

Mama yangu huyu, aliyekuwa akitufukuza mezani kwa shingo chafu.

Alhamisi, 6 Machi

Imepona! Mpira mpya, nati ya chuma, washa mbili kwa woga wangu. Nimekaza kwa vidole tu. Nimepitisha karatasi kavu pale kwenye kiungo, imetoka kavu. Nikamwita Mama kama namwita kuja kuona mjukuu.

Nikakaa kwenye ndoo yangu. Maji yanashuka, sauti moja, nzito. Nikamsimulia mteja wa asubuhi aliyetaka nimpunguze upara. Mama akaguna mahali pa kuguna.

Akatoka na gauni safi. Nikamuuliza vipi. Maji mazuri, mwanangu, Mungu akubariki.

Nikaingia kupiga sakafu deki. Taulo liko pale pale nilipolitundika, mikunjo yake haijavunjika. Kavu. Sabuni niliifungua Jumapili, na jina lake bado limesimama, herufi kwa herufi.

Nikamfuata sebuleni, nikajidai namtoa uzi kichwani. Nywele ndiyo kazi yangu, kutwa naosha vichwa vya watu nisiowajua. Kichwa kile hakijaona maji wiki hii.

Nikajifanya nautupa uzi dirishani.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekaa naye mezani nikamtazama. Kumtazama hasa, si kumwangalia huku natafuta spana. Kijiko kakishika kwa mkono wa kushoto, mkono wenyewe umelala mezani. Haupandi. Kichwa ndicho kinachoshuka, mdomo unakifuata kijiko kwenye sahani. Akaniona. Akasema mgongo ndio unamuuma, ndiyo maana anainama.

Na huu nao umekwenda. Tangu lini sijui. Sikuona, nilikuwa natazama nati.

Anakaa mle ndani kwenye kiti, anafungua maji, ananisikiliza hadithi zangu za kipuuzi, anafunga maji. Amevaa nguo zake muda wote. Kubadilisha gauni tu nadhani ndiko kunakommaliza nguvu.

Nimechoka. Sina neno zuri zaidi. Afadhali ilipokuwa inavuja, nilikuwa na kitu cha kukamata. Nimeuliza kuhusu daktari, akakataa kabla sijafika mwisho: daktari atamwambia Dada.

Jioni Dada kapiga simu. Anakuja Jumapili. Vipi shawa, mmeshatengeneza?

Nikasema bado.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeilegeza mwenyewe.

Nimeingia bafuni, nikashika nati, nikairudisha nyuma robo mzunguko. Ikasita, kisha tone la kwanza. Nikaongeza kidogo mpaka ikawa inaruka kama zamani. Mtu mzima na akili zangu.

Mama kasikia kutoka chumbani.

"Imeanza tena?"

"Imeanza, Mama."

"Basi tena. Mpaka uitengeneze."

Alisema kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Hakuniuliza imeharibikaje upya ilhali juzi ilikuwa nzima. Nami sikumweleza. Tumekula chakula cha mchana tukizungumzia mvua.

Jumapili, 9 Machi

Dada kaja mapema. Mkoba mezani, viatu mlangoni, moja kwa moja bafuni. Nikamfuata na maelezo yangu: kiungo, washa, dukani walinipa kitu feki. Akainama. Akashika nati kwa vidole viwili, akazungusha. Ikaacha.

"Hii tu? Na ndevu zote hizo?"

Akamwita Mama. Twende nikukogeshe mgongo leo, binti yako nimekuja. Mama kasema hasikii joto. Dada kamwinua taratibu, akamshika kiuno, wakaingia. Mama alipopita akaniangalia. Mlango umefungwa.

Nipo kwenye ndoo. Naandika magotini kwa sababu nikiacha mikono yangu bure sijui itafanya nini.

Maji yamefunguliwa. Dada anamsimulia habari za wanawe, mdogo kang'oka jino. Anacheka peke yake.

Sasa anasema, haya Mama, shika.

Mama, shika basi.

Mama, inua mkono. Si huo. Huo wa kushoto, Mama. Uinue.

Maji yanapiga sakafu tu, hakuna mtu yanayempata. Namsikia Mama, sauti yake ile ya kututuma dukani tulipokuwa wadogo, haitetemeki hata kidogo. Anasema shawa hii bado mbovu. Mwite mdogo wako aje aikaze.

Spana ninayo mfukoni. Sijainuka.