Mlima Tuliouwekea Bajeti ya Harusi

Bujumbura, Ijumaa, Novemba 2004

Asubuhi mvua ilinyesha, sasa jua limewaka na matope ya barabara yetu yananuka. Lakini kinachonitia kinyaa leo si matope.

Ni kamati.

Nieleze, kwa asiyejua. Mdogo wangu Hamisi, fundi magari kwetu Buyenzi, na rafiki yake Désiré, mwanafunzi anayekaa Kamenge, wanakwenda kupanda Kilimanjaro. Wanataka kuisimamisha bendera yetu ya Burundi kule juu, mmoja wa mtaa wetu na mmoja wa mtaa ule, watu waone kwamba, baada ya miaka yote hii ya vita, bado tunaweza kufanya jambo pamoja zaidi ya kuzikana. Hilo nalipenda kwa moyo wote. Mfanyabiashara mmoja amekwisha kumlipa kiongozi wa mlimani pamoja na viingilio. Sisi tulibakiwa na nauli ya meli na treni, viatu na nguo za baridi.

Basi tukaunda kamati. Na hapa Bujumbura tunajua kamati ya namna moja tu: ya harusi.

Rais tukamchagua mzee Gervais wa Gihosha, mstaafu wa serikali, bingwa wa hotuba. Mimi nikafanywa mweka hazina, yaani trezoriye, kwa sababu ni mshonaji na nimeshika sanduku la harusi nyingi. Tukakutana kila Jumamosi, mapema, ili kila mtu awe kwake kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Na kila mkutano, kama desturi inavyotaka, ulikuwa na vinywaji na mishikaki kutoka kwenye mchango uleule. Mlima hatujauona hata kwa mbali, na mbuzi tumeshawamaliza.

Halafu bajeti yenyewe. Ukumbi wa kuwaagia. Muziki. Mtu wa video. Keki yenye umbo la mlima, na sukari nyeupe juu iwe ndiyo theluji. Sare za kitenge kwa kamati nzima. Makoti yalikuwa chini kabisa, yamebanana na "mengineyo".

Sare hizo nimezishona mimi. Nimelipwa, tena kabla viatu vya Hamisi havijanunuliwa. Kwa hiyo kinyaa changu kinaanzia kwenye cherehani yangu mwenyewe, nisijifanye malaika.

Jumamosi iliyopita pesa zilipelea, ikabidi tukate kitu. Wakakata makoti. Jamaa mmoja aliunga mkono huku mkono wa pili ukichokonoa nyama kwenye meno.

Nikauliza, jamani, na baridi? Mzee Gervais akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mwali.

"Madamu trezoriye, baridi ni ya usiku moja. Aibu ya kuita watu na kuwaachia koo kavu, hiyo ni ya miaka. Safari yenye watu hawajanywea, haifiki."

Kibaya ni kwamba anaamini. Si mwizi. Angekuwa mwizi ningemchukia, nikapumua. Lakini huyu ni mtu mwema, nasi sote ni watu wema, na kwa wema wetu tulikuwa tunawapeleka vijana wawili kuganda.

Désiré amesoma kwamba kule juu maji hugeuka barafu ndani ya chupa. Hamisi amezaliwa kando ya ziwa. Baridi anayoijua ni ya chupa ya fanta. Kila nikimwuliza, jibu ni lilelile.

"Usisumbuke, dada. Tutavaa mashati mbili mbili. Mi siogopi baridi."

Leo asubuhi kamati ilinituma depo nikalipie vinywaji vya kesho. Sherehe ni kesho, meli ni Jumatatu. Nikapitia sokoni, upande wa caguwa, kwenye mitumba. Mnajua wauzaji wetu wanayafanyia nini makoti mazito ya Ulaya? Wanayakalia. Nani atayanunua kwenye joto hili? Mama mmoja alikuwa ameyakunja mawili na kuyafanya mto. Nikamwuliza bei.

Akaniangalia juu mpaka chini. "We dada, uko mugonjwa? Na hii joto?"

Akanitajia. Nikamwomba arudie. Makoti mawili, pamoja na glavu na blanketi zito, havikufika hata bei ya ile keki. Wiki zote hizi tumebishana rangi ya kitenge, na makoti yamo sokoni, chini ya makalio ya mtu.

Nikalipa. Kwa pesa ya vinywaji. Nikaendelea mbele, nikanunua viatu, nikanunua soksi za sufu, mpaka bahasha ikawa nyepesi. Depo sikufika.

Kamati sikuiuliza. Ningeiuliza, ingeitisha mkutano, na mkutano ungetaka vinywaji.

Sasa naandika haya siberi, kwenye kompyuta za kukodi, mjini. Simu inatetemeka ndani ya mkoba; ni mzee Gervais, najua, anataka kusikia kama kreti zimefika. Nitampigia nikitoka hapa. Na kesho nitasimama mlangoni pa ukumbi, ndani ya sare yangu nzuri, niwaambie wageni mwenyewe. Watanisema mpaka wajukuu. Na waseme.

Hamisi amenisindikiza. Ametembea kutoka Buyenzi hadi hapa na koti mwilini, zipu imefungwa mpaka kidevuni, watu wakimcheka njia nzima. Yuko kando yangu, jasho linamtiririka hadi kwenye kibodi ya jirani. Nimemwambia avue.

"Acha kwanza, dada."

Ameishika kola kwa mikono miwili, wala hanitazami. Wiki zote hizi ananiambia haogopi baridi.

Kesho wageni watakunywa maji.