Kwa Nini Bado Naenda Semina

Mpendwa Nekesa,

Huku Mengo tu wazima. Mguu wa nyanya yako umepona. Ulimi haukuwahi kuugua.

Umeniuliza, "Babu, umetibu watu miaka yote hiyo, semina za Jumatano unaenda kusoma nini tena?" Nyanya anasema naenda kula. Hajakosea sana.

Lakini nilipokuwa tabibu kijana, semina moja ilitufundisha hivi: mtoto akiwa na homa, mvue nguo utazame kifua. Kesho yake Mama Kato akaleta mwanawe kliniki, amefunikwa masweta juu ya masweta.

"Musawo," akaniita, yaani daktari, "ni malaria. Mpige sindano twende."

Kwetu kila homa ilikuwa malaria, lakini damu ya mtoto ilipopimwa, malaria haikuonekana. Mkuu wangu, Mzee Okello, akacheka. "Mpe tu dawa ya malaria, profesa."

Nikamvua mtoto. Kila akivuta pumzi, kifua kilibonyea ndani. Ilikuwa nimonia, tena kali. Mama alinifokea njia nzima, lakini nilipanda nao boda hadi hospitali yenye oksijeni.

Siku chache baadaye Mama Kato alirudi na mtoto mgongoni, mtoto akimvuta hereni kwa nguvu zote. Nyuma yake walikuja majirani, wana wao wamekwisha kuvuliwa mashati. "Musawo, tazama na hawa."

Jumatano hiyo nilimkuta Mzee Okello semina, kakaa benchi la mbele kabisa.

"Sogea, kijana," akaniambia. "Unaniziba ubao."

Wako mwenye kitambi cha semina,
Babu Wafula