Haragi Moja mu Kibuyu

Karuba, siku ya posho (Jumamosi), mwezi wa saba 1957

Bado niko nacheka peke yangu. Redio ya mwalimu ilisema watu wa kisiwa cha Unguja wamechagua wajumbe wao kwa siri. Basi na sisi tukajaribu, kwa kuchagua mulinzi wa malisho, ule anazuia ng'ombe kuingia mu mashamba: papa mukwe ao jirani yetu.

Zamani tulitaja jina mbele ya wote. Mimi nilinyamaza. Kwetu, muke wa mwana kutaja jina la papa mukwe wake iko mwiko. Kutaja mwengine iko matusi. Leo kila muntu aliingia peke yake, akatia haragi moja, mbegu ya maharagwe, mu kibuyu cha ule anamutaka.

Jirani alishinda. Ng'ombe za papa mukwe hazitakula tena shamba langu.

Kibuyu cha papa mukwe kilikuwa na haragi tatu tu. “Mwanangu,” akaniambia, “najua moja njo yako.”

Niliangalia chini, kwa heshima.