Baba Alivyowafundisha Waigizaji Kuogopa

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya stesheni ya zamani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu. Hamjambo huko? Kile kikohozi ulichoniandikia mara ya mwisho kimekuachia, au bado unakiita mafua ili watu wasikupeleke kwa daktari? Na wifi, bado zamu ya asubuhi inamtoa kitandani kabla ya jua? Mwambie namwonea huruma, ila asijizoeshe kuruka chai.

Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa. Mimi macho yameanza kunigomea. Nikitunga uzi kwenye sindano natoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Baba ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha mezani leo, na nakuomba uzisome ukiwa umekaa na wewe.

Mwezi wa tatu walikuja watu wa filamu. Walikodi stesheni ya zamani na uwanja wake wote, na humo uwanjani wakajenga mtaa mzima wa mbao: nyumba zenye mapazia dirishani, duka la mikate iliyochorwa, kinyozi, hata kanisa dogo. Vyote vilikuwa na uso tu. Ukizunguka nyuma unakuta miti ya kuegemeza na majani. Walikuwa na mashine ya kutoa moshi mweupe, na asubuhi moshi ule ulitambaa juu ya reli, watu wakapita ndani yake bila kishindo, wamevaa sare za nchi ambayo haijawahi kuwepo. Kuna siku nilisimama mlangoni na mkasi mkononi nikasahau nilichofuata nje. Ilikuwa kama ile hali ya homa inapopanda, unawaona watu na huwajui, ila huwaogopi.

Sare hizo nilizishona mimi. Sitini. Ndiyo maana nilipewa hadithi yote niisome, kurasa mia na kitu, nijue nani anavaa nini na lini.

Ni filamu ya mapenzi wakati wa vita, lakini ya kuchekesha. Kuna Jenerali anayependa nishani kuliko ushindi. Anasimamisha mapigano siku tatu ili mchoraji amalize picha yake. Chini yake yupo askari mmoja, mpiga tarumbeta, anayeshtuka hata mlango ukigongwa. Huyo anampenda mfuaji wa nguo za jeshi. Mwanamke mwenyewe amekwisha kumzika mchumba shujaa, na anasema safari hii anataka mwanamume anayejua kukimbia, mradi akimbilie nyumbani. Basi mpiga tarumbeta anatoroka, anapotea njia, anaangukia jikoni kwa adui. Wapishi wanadhani nyuma yake kuna jeshi zima, wanainua mikono na miiko yao. Anarudi anabebwa juu juu, na Jenerali anajipa nishani nyingine kwa kazi hiyo. Nilicheka peke yangu mpaka cherehani ikasimama.

Sasa, walihitaji mtu wa kuwafundisha waigizaji gwaride. Unamjua Baba na uaskari wake wa zamani. Wiki hiyo alipiga pasi suruali yake mwenyewe, hakumwamini mtu. Alitembea kana kwamba barabara imepigwa rangi kwa ajili yake. Akaja kwenye chumba changu, akayashika makoti, akauliza, "Hii ni filamu ya mashujaa, siyo?"

Nikajibu, "Ni ya vita, Baba." Kisha nikainamia cherehani kama mtu mwenye kazi nyingi.

Wiki tatu aliwanoa wale vijana. Mguu sawa, mguu pande, saluti mpaka mkono ukafa ganzi. Alifurahi, Kitinda. Sijamwona na furaha ile tangu nipate akili. Kila siku nilijiambia kesho nitamweleza, na kesho nikapata kifungo cha kushona.

Siku ikafika ya kupiga picha Jenerali akianguka. Koti lake lilikuwa kazi yangu: kila tukio niliongeza nishani, hadi tukio la mwisho mwigizaji hawezi kusimama, askari wawili wanamwegemeza kwa mpini wa ufagio. Mpini ukateleza kama ilivyopangwa. Akaenda chini na kelele ya sufuria arobaini. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Baba alikuwa pembeni, fimbo yake kwapani. Hakumtazama Jenerali. Alinitazama mimi, maana anaujua mshono wangu. Akaondoka akipita katikati ya moshi, mgongo umenyooka, na moshi ukamfunika.

Siku sita hakusema na mtu. Alikaa kitini akilitazama kabati lenye sare yake ya zamani.

Siku ya saba alirudi, amevaa shati la kawaida. Walikuwa wanapiga tukio la mpiga tarumbeta aliyejificha ndani ya bomba la maji ya mvua, chini ya barabara. Mama alikuwa kando yangu ananisaidia vifungo. Siku hizo alikuwa anapenda kuja kushinda nami. Mwigizaji, kijana mwenye sura ya kupendeza na mashavu ya kushiba, alitetemeka, akazungusha macho, akagonganisha meno. Watu wakachekelea. Mwongozaji akaridhika.

"Sivyo," Baba akasema.

Kila mtu akageuka. Baba alikwenda kwenye lile bomba, akapiga magoti, na miaka yake sabini na moja akatambaa ndani.

"Mtu hatetemeki," alisema, na sauti yake ikatoka mle na mwangwi, kama mtu anayeongea kutoka mwaka mwingine. "Mtu anatulia tuli. Anahesabu vifungo vya koti lake. Akimaliza anaanza tena. Rafiki yake yuko barabarani, hatua ishirini tu, amepigwa mguu, anamwita. Anamwita kwa jina la utani, vile vile wanavyoitana wakati wa kula. Na yeye anahesabu. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Mpaka yule haiti tena."

Kijana akachuchumaa mdomoni mwa bomba. "Mzee, hayo umeyatunga sasa hivi?"

"Sikuyatunga."

Sindano ya Mama ilisimama.

Umeshajua ni rafiki gani. Ni yule wa picha ya sebuleni, aliyekuwa mchumba wa Mama kabla ya Baba. Wewe na mimi tumekua tukisikia kwamba alikufa mikononi mwa Baba, akilitaja jina la Mama, na kwamba Baba alilibeba begi la marehemu mpaka duka la mikate alikokuwa anafanya kazi Mama. Mwaka mmoja baadaye wakaoana. Jina lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa ni la mtu huyo. Baba ndiye aliyelichagua, na hajapata kulitamka hata siku moja. Tulidhani ni majonzi.

Mama aliweka koti chini, akavuka reli. Moshi ulimfika magotini. Akainama kwenye bomba.

"Kwa hiyo hakunitaja," alisema.

"Sijui, mke wangu. Sikumshika. Sikuwa karibu."

Mwenye mashine ya moshi akaizima. Mama akasema taratibu, kama anamsomea mtu: "Lile begi ulilonikabidhi lilikuwa na barua yangu ndani, haijafunguliwa. Nilikuwa nimemwandikia kwamba sitaki tena kuolewa naye. Wewe ukaniambia alikufa akinitaja. Miaka arobaini na miwili, kila nikicheka na wewe najiona mwizi."

Akarudi, akachukua mkoba wake, akaniambia twende.

Alilala kwangu siku kumi na moja. Sitakudanganya kwamba alilia, alifua. Alifua mapazia yangu, mashuka, hata matambara ya kufutia cherehani. Nilipothubutu kumuuliza alisema kuogopa kwa Baba anakuelewa, hata yeye aliogopa kumwambia mtu ana kwa ana kwamba hamtaki, akaandika. Kinachomuuma ni ule uongo kuvalishwa sare na kupigiwa saluti sebuleni kwake kila mgeni akija.

Kule stesheni walirudia lile tukio. Kijana aliingia ndani ya bomba akatulia, kidole kikipita kwenye vifungo kimoja kimoja. Hakuna aliyecheka. Mwongozaji alisema ataliacha hivyo hivyo, katikati ya vichekesho vyote.

Siku ya mwisho, kabla mafundi hawajaubomoa mtaa, walituruhusu tutembee ndani yake. Ilikuwa alasiri. Waliuachia moshi wote uliobaki, na jua likauingia, basi kila kitu kikawa na rangi ya asali: kinyozi, mikate ya rangi, lile kanisa. Baba alikuwa amesimama kwenye kona, kofia hana, mikono hajui aiweke wapi. Mama akanipa mkasi nimshikie. Akamwendea. Hakumsalimu.

"Nishike mkono," alimwambia. "Hapa pana waya nyingi."

Wakatembea. Walipita duka la mikate polepole sana. Mwisho wa mtaa Mama alifungua mlango wa nyumba moja, wakaingia, na kwa kuwa nyumba haikuwa na ndani, nikawaona kupitia dirishani wakitokea upande wa pili, kwenye majani marefu. Walisimama pale wakizungumza. Sikusikia neno. Mafundi walikuja na nyundo zao, wakawaona, wakaamua kuanzia upande mwingine.

Mama amerudi nyumbani. Siyo kwamba yameisha. Kuna siku anafagia, ghafla anasimama na kumwambia neno moja la kumchoma, na Baba anasema "ndiyo," halafu ufagio unaendelea. Lakini wanakula pamoja, na juzi nilimsikia Mama anamcheka.

Sasa nije kwako. Baba ameniomba nikuandikie kabla filamu haijafika huko mliko. Alijaribu mwenyewe asubuhi mbili, hakuvuka salamu. Amesema siku ile uliyochana fomu ya jeshi, akakuita mwoga mbele ya wageni, hakuwa anakutazama wewe. Haya ni maneno yake, nayaandika kama alivyoyatoa: "Mwambie hilo la mwoga lilikuwa jina langu. Nilichoka nalo, nikampa yeye. Mwambie alikuwa na haki ya kukataa, na mimi sikuwa na ujasiri wa kukataa wala wa kupigana." Hakuombi umjibu upesi. Anasema ameshajua kusubiri kulivyo.

Nami nina langu, mdogo wangu. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe. Ulinitafuta kwa macho, ukaniona. Nilijua ningetoka na kusema neno moja, usingeondoka usiku ule peke yako. Nikarudi jikoni nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Miaka minane nimekuandikia kuhusu mvua, bei ya vitambaa na magoti ya watu. Sikuwahi kuandika hili. Nisamehe, na kama bado huwezi, niambie huwezi.

Shangazi anakusalimu sana, na anauliza kama huko mnapata usingizi wa mchana. Binamu yako mpiga chapa anakusalimu. Mama anasema mle, na msimwandikie kwamba mmekula kama hamkula. Nisalimie wifi yangu kwa upendo. Mungu awafungulie njia, awalinde mkiwa macho na mkiwa mmelala, na akipenda atukutanishe meza moja, hata tukikaa kimya.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye leo nimetoka jikoni.