Machungwa Yaliyokataa Kuoza

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, baba yangu uliye mkekani, mama zetu wa kanisa, ndugu mliotoka Kasongo na Lusangi: nimesimama mbele yenu, lakini barua hii ni ya asiyekuwepo. Mniwie radhi.

Mama,

Unaijua desturi ya nyumba yetu. Matunda ya mwisho aliyochuma marehemu huwekwa mbele ya picha yake. Yakioza, kilio huondolewa. Siku tulipokuzika, Shangazi alichagua kapu lenye machungwa mazuri kuliko yote. Hakujua kwamba ni yale uliyoyachovya.

Naikumbuka sufuria yako. Mwani mkavu, yale majani ya baharini aliyokuletea mchuuzi wa Kalemie, uliuchemsha mpaka ukawa uji mwepesi, nami nikakushikia kitambaa cha kuchujia; ukayachovya machungwa humo, yakavaa utando mwembamba wa kuyakinga yasioze upesi. Shangazi alikucheka: "Wifi, unaogesha machungwa sawa mutoto muchanga?" Ukamjibu: "Cheka tu. Haya ndiyo yatanizika."

Yamekuzika, Mama. Machungwa ya jikoni, ambayo hukuyachovya, yaliota ukungu juma la pili. Yako bado yanang'aa. Tukifungua mlango tunapokewa na harufu ya chungwa lililomenywa sasa hivi, na hakuna aliyemenya. Juu ya moja, utando ulikauka na alama ya kidole gumba chako. Kila asubuhi naligeuza litazame ukuta. Kila jioni nakuta kidole kimenielekea.

Wazee wananong'ona: "Mama yenu iko anakataa kwenda." Na kwa kuwa kilio hakijaondolewa, Baba angali analala sakafuni. Anakohoa, Mama. Kikohozi kile kile chako. Nami niliyejua siri ya utando ule nilinyamaza, kwa sababu... nilipenda ubaki.

Leo asubuhi nimelikata lile lenye kidole chako. Ganda lilikuwa zima. Ndani, mbegu zilikuwa zimeota, vijimizizi vyeupe vimejikunja gizani vikitafuta njia ya kutoka.

Nimekuelewa. Nenda salama. Naahidi sitaligeuza tena tunda lako, wala sitamzuia mtu kwa kunyamaza.

Ndugu zangu, mimi mwana wa kwanza nasema: kilio kinaondolewa sasa. Kila mmoja atwae chungwa, alile hapa hapa, na mbegu zake azipande kando ya kaburi kabla ya kurudi kwake. Shangazi, tafadhali anza wewe.

Baba, nipe mkono. Kitanda chako kimetandikwa.